Kiti cha Mtemi na Sheria za Wengine

Sheria iliyoamua viti, ngoma na sanamu za Unyamwezi viende wapi haikutungwa Tabora wala Bukene. Ilipitishwa Berlin tarehe 21 Februari 1889 na Baraza la Shirikisho la Ujerumani, wakati bendera ya Wajerumani ilikuwa bado haijapandishwa Tabora. Baraza liliagiza kwamba makusanyo yote ya safari za utafiti zilizolipiwa na serikali katika makoloni yapelekwe kwanza Berlin, kwenye makumbusho ya kifalme. Mwaka 1891 agizo hilo lilipanuliwa likawagusa pia watumishi wa serikali ya kikoloni na wanajeshi, na ngawira za vita zikaingia humohumo. Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alipandisha bendera Tabora mwaka 1890. Siku aliyoingia mjini, mmiliki wa kiti cha mtemi alikuwa amekwisha kupangwa kwenye karatasi, ng'ambo ya bahari, bila mtemi mwenyewe kujua.

Naanza na karatasi hiyo kwa makusudi. Sanaa ya Unyamwezi huelezwa na wengi kwa habari za mitindo: mgongo wa kiti ulivyonyooka, sanamu ilivyorefushwa shingo, mkono ulivyobanwa ubavuni. Hayo ni mazuri kuyajua. Lakini ukiuliza kwa nini vitu hivyo havipo vilikochongwa, jibu halimo katika mitindo, limo katika sheria. Kila kipindi kitu kilipotoka kijijini palikuwa na sheria iliyomkinga aliyekichukua, au aliyekinunua, au aliyekihifadhi. Sheria ya kumkinga aliyekichonga na waliokitumia ilichelewa mno, na sehemu yake haijaandikwa mpaka leo.

Bukene iko wilaya ya Nzega, kaskazini mwa Tabora, kwenye reli ya Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Kabla ya reli, nchi hii ilikuwa ya njia za miguu. Misafara iliyopumzika Tabora, mji ambao wageni wa zamani waliuita Kaze, iligawanyika hapo: mingine ikaelekea magharibi hadi Ujiji, mingine ikapanda kaskazini kwenda Usukuma, Karagwe na mpaka Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, nyaya za shaba, baruti na shanga. Mzigo huo uliingia katika sanaa ya nyumbani. Sanamu nyingi za Kinyamwezi zina macho ya shanga, na shanga zile zilifika kwa msafara. Makombe ya Bahari ya Hindi yaliyokatwa mviringo yaligeuka alama ya utemi katika nchi ambayo haijawahi kuona maji ya chumvi. Mchongaji wa Bukene wa mwaka 1870 hakuwa mtu aliyejitenga na dunia. Dunia ilipita mlangoni pake kila kiangazi, naye alichagua alichokitaka.

Leo ukiingia katika makumbusho ya Ulaya, maandishi chini ya kazi ya mtu huyo husema "Nyamwezi, Tanzania", basi. Bukene, Ndala, Puge na Uyui vyote vimemezwa na neno moja. Jina la ofisa aliyeleta kitu limehifadhiwa katika daftari pamoja na cheo chake na mwaka. Jina la fundi halikuulizwa. Mtu anaweza kudhani ni uzembe wa makarani tu, lakini mbele ya sheria pengo hilo lina uzito mkubwa: asiyetajwa hana dai, na kijiji kisichotajwa hakiwezi kuandika barua ya kudai.

Isidhaniwe kwamba kabla ya Wajerumani vitu hivyo vilikaa bila sheria. Katika tawala za Unyamwezi palikuwa na mpaka ulioeleweka kati ya mali ya mtu na mali ya utemi. Ng'ombe wa mtemi, mashamba yake, nguo alizopewa na wafanyabiashara, hayo aliweza kuyagawa na kuwarithisha watu wake. Ngoma, kiti, mkuki na alama za utawala havikuwa vyake. Vilikuwa vya ikulu, chini ya wazee waliovitunza, na mtemi alivikuta na kuviacha. Kiti hakikuuzika kwa sababu aliyekikalia hakuwa na haki ya kukiuza. Vivyo hivyo zana za mganga na vitu vya mizimu ya ukoo: aliyekuwa navyo mkononi alikuwa mtunzaji. Mwanasheria wa leo angeuita utaratibu huu amana. Jambo hili ni kubwa kuliko yote nitakayosimulia, maana likikubaliwa, basi karibu kila hati ya "zawadi kutoka kwa mtemi" iliyomo katika madaftari ya Ulaya ina kasoro tangu mstari wa kwanza.

Na kubadilishana kulikuwa na adabu yake. Julai 1858, John Hanning Speke aliondoka Kaze kwenda kulitafuta ziwa kubwa la kaskazini. Baada ya siku chache alifika Unyambewa, nchi iliyotawaliwa na mwanamke, Ungugu. Speke mwenyewe aliandika jinsi mama huyo alivyomkagua: viatu, suruali, fulana ya vifungo, kisha koti. Koti lilimpendeza mno akaomba apewe alivae. Napenda kisa hiki kwa sababu kinatuonyesha mtawala wa Unyamwezi akiwa katika nafasi ya mkusanyaji. Amekiona kitu cha kigeni, amekipenda, na amemwomba mwenye kitu, hadharani, naye akiwa huru kukubali au kukataa. Hata hongo, yaani ushuru wa kupita uliolipwa njiani, ambayo wasafiri wa Kizungu waliilalamikia katika vitabu vyao, ilikuwa na mazungumzo yake, wanyampara wake na kiasi chake. Miaka 35 baadaye, mambo hayo yote yalikuwa yamepinduliwa.

Isike alishika utemi wa Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, mwaka 1876. Aliona mapema kwamba Wajerumani hawakuja kufanya biashara tu. Ngome yake karibu na Tabora ilishambuliwa mwaka 1892, wavamizi wakashindwa kuitwaa. Januari 1893 akaja Tom von Prince na kikosi chake, ngome ikavunjwa. Isike aliingia katika ghala ya baruti akajilipua pamoja na watu wa nyumba yake. Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakamnyonga. Kisha wakamweka Nyaso, mwanamke wa ukoo huohuo, akalie utemi chini ya bendera yao.

Linalofuata baada ya ngome kuvunjwa ndilo linalotuhusu hapa. Ikulu iliyoanguka ni ghala iliyofunguka. Agizo la mwaka 1891 lilikuwa tayari linamwambia ofisa wa kijeshi kwamba alichokitwaa vitani kina njia yake ya kwenda Berlin. Felix von Luschan, aliyesimamia makusanyo ya Afrika katika makumbusho hayo, aliwaandikia wasafiri na maofisa mwongozo wa namna ya kukusanya na kuandika maelezo. Vitu vilimiminika kiasi kwamba vilivyofanana viligawiwa majumba mengine ya makumbusho, Leipzig na Stuttgart yakiwemo. Kiti kirefu cha enzi kilichotoka Unyanyembe mwishoni mwa karne ya 19 kiko Berlin hadi leo. Mkusanyo wa Berlin peke yake una vitu takriban 10,000 kutoka nchi ambayo sasa ni Tanzania.

Je, hayo yalikuwa halali hata kwa sheria za wakati ule? Hapa pana jambo ambalo watetezi wa makumbusho hupita upesi. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague yakaweka kanuni za vita vya nchi kavu. Kanuni hizo zilikataza uporaji, zikakataza pia kutwaa kwa nguvu kazi za sanaa na mali za taasisi za ibada na elimu. Ujerumani ilikubali. Lakini kanuni zilifunga mikono ya mataifa yaliyotia saini pale tu yanapopigana yenyewe kwa yenyewe. Mtemi wa Unyanyembe hakualikwa The Hague. Ndiyo maana vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyopiganwa baada ya saini hizo, navyo viliacha nyuma masanduku ya silaha, hirizi na vyombo vya dawa yakisafirishwa kwenda Berlin. Uporaji ulijulikana kuwa ni uporaji. Ulikatazwa kati ya Wazungu, ukaruhusiwa huku kwetu. Mtu akisema leo kwamba "viwango vya wakati ule vilikuwa tofauti", ajibiwe kwamba viwango vilikuwepo, vimeandikwa, na vilitumiwa kwa ubaguzi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, likatokea tukio la ajabu katika historia ya sheria. Mkataba wa Versailles wa 1919, ulioandikwa kugawa mipaka na madeni ya dunia, uliweka katika kifungu cha 246 sharti kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi sita. Ni moja ya mara za kwanza kwa mkataba wa mataifa kudai kurudishwa kwa kitu kilichotolewa Afrika. Soma kifungu kwa makini, hata hivyo: fuvu likabidhiwe kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wahehe hawakutajwa kama wapokeaji. Miezi sita ikageuka zaidi ya miaka 30. Fuvu lilipatikana katika makumbusho ya Bremen, na Gavana Edward Twining akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Viti na ngoma za Unyamwezi havikuwa na kifungu. Katika mkataba mzima, kilichodaiwa kwa ajili ya Tanganyika ni fuvu moja.

Waingereza nao walikuwa na namna yao. Sheria yao ya mwaka 1937 ya kuhifadhi kumbukumbu za kihistoria ilitazama zaidi mahali kuliko vitu. Mwaka 1940 walifungua Dar es Salaam makumbusho ya Mfalme George V, ambayo ndiyo shina la Makumbusho ya Taifa ya leo. Lakini mtu wa kipindi hicho anayenivutia kuliko gavana yeyote ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuja kuwa mtaalamu wa mila wa serikali. Cory alifanya kazi mbili kwa pamoja. Aliandika sheria za mila, hasa za Wasukuma, kitabu chake kikatoka mwaka 1953. Na alikusanya sanaa: vinyago vya udongo vya unyago, ambavyo alivichapishia kitabu mwaka 1956, na michoro ya ukutani ya wacheza nyoka, kitabu kilichochapishwa London mwaka huohuo wa 1953.

Fikiria michoro hiyo kidogo. Wacheza nyoka, Bayeye, ni chama chenye siri, kinachojulikana Usukumani na kwa majirani zao Wanyamwezi. Michoro yao ilikuwa ndani ya nyumba zao za mafunzo, kwa macho ya waliokubaliwa. Nyumba ya udongo haidumu, mvua huila. Bila Cory tungekuwa na kidogo sana, na namshukuru kwa hilo. Lakini sheria ya hakimiliki iliyotumika Tanganyika, ya Waingereza ya mwaka 1911, ilimjua mwandishi wa kitabu na mchapishaji wake. Chama cha wacheza nyoka hakikuwa mtu wa kisheria. Hakikuweza kumiliki mchoro wake, sembuse kukataza usichapishwe. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyetumwa na serikali kuandika haki za wenyeji katika ng'ombe, mahari na urithi, alichapisha picha zao bila sheria yoyote ya kuuliza ruhusa ilitolewa na nani. Mchoro wa ndani ukawa ukurasa wa dukani.

Kisha ukaja uhuru, na mwaka 1963 serikali ikafuta mamlaka ya machifu. Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa ameshika wizara yenye dhamana ya sheria katika miaka ile ya mwanzo, akajiuzulu mwaka huohuo wa 1963. Sitaki kulirudia hapa shauri la kama machifu walistahili kuondolewa. Taifa changa lilikuwa na sababu zake, na machifu wengi walikuwa wametumika kama mkono wa mkoloni. Ninalosema ni kwamba sheria ya kufuta uchifu ilishughulika na madaraka: kutawala, kuhukumu, kukusanya kodi. Ngoma si madaraka. Kiti kilibaki katika nyumba, ikulu ikabomoka, wazee waliokitunza kwa niaba ya wote wakawa wazee wa kawaida. Kitu kilichokuwa cha utemi, na utemi wenyewe haupo, ni cha nani? Cha serikali iliyorithi mamlaka? Cha ukoo? Cha watu wote wa iliyokuwa nchi ya mtemi? Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka huohuo, ambazo Cory alisaidia kuziandaa kabla hajafa mwaka 1962, zinaeleza vizuri mahari, watoto na mirathi ya mali ya familia. Mjukuu wa mtunzaji wa ngoma, akizisoma, angeweza kuamini kwa nia safi kabisa kwamba ngoma ile ni urithi wake binafsi.

Mlango huo ndio uliopitisha wanunuzi. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilihamisha watu kutoka makazi ya zamani, na vitu vya mizimu vina tabia ya kufungamana na mahali: kaburi, mti, uwanja wa nyumba. Ukihamishwa ghafla huchukui kila kitu. Dini mpya nazo zilikuwa zimewafanya wengi kuona aibu juu ya sanamu za babu zao. Mtu anayeona aibu juu ya kitu humuuzia anayekipenda kwa bei yoyote, na dalali hufika kijijini akijua hivyo.

Nchi ilikuwa tayari na sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ni sheria yenye heshima kwa wakati wake. Inalinda masalia yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Inatambua vitu vilivyotengenezwa baada ya mwaka huo kwa matumizi ya kijamii au ya utamaduni, hata kama jamii imeacha kuvitumia. Inalinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Inaweka masharti ya vibali. Halafu inaacha nje kitu kilichotengenezwa ili kiuzwe kama kinyago cha watalii.

Msamaha huo ni wa haki kwa mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, anayeuza kazi ya mikono yake na hapaswi kuomba kibali cha mambo ya kale kila akiuza twiga. Lakini angalia unavyofanya kazi forodhani. Sanamu ya ukoo ya mwaka 1910 na nakala yake ya mwaka juzi huwekwa katika kasha moja, chini ya stakabadhi moja iliyoandikwa "vinyago". Ofisa wa forodha hana mafunzo ya kuvitofautisha. Upande wa pili wa safari, mfanyabiashara yuleyule anageuza maneno. Kilichotoka Tanzania kama kinyago kipya kinauzwa Ulaya kama kazi ya kale iliyotumika kweli, na nakala iliyofukizwa moshi na kuzikwa ardhini inauzwa pamoja nayo kwa bei ya ukale. Uongo wa kwanza unaiibia jamii, wa pili unamwibia mnunuzi. Sheria za nchi mbili zinapaswa kukutana kati ya uongo huo na ule, na mara nyingi hazikutani.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakusanyaji wengi wa Magharibi waliamini kwamba Afrika Mashariki haina uchongaji wa maana. Mwaka 1994 yakafanyika Ujerumani maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania, katika Haus der Kulturen der Welt, Berlin, na baadaye München, pamoja na kitabu kilichohaririwa na Jens Jahn kwa Kijerumani na Kiswahili, "Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika". Wanyamwezi na Wasukuma walipewa nafasi waliyostahili. Mwaka 2013 yalifuata maonyesho ya Shangaa, New York, yaliyoandaliwa na Gary van Wyk. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli, na mtu wa Bukene ana haki ya kujivunia. Ilikuwa na tokeo lingine pia: kitu kinachoingia katika kitabu cha maonyesho hupata bei, na bei huwatuma watu vijijini kutafuta vingine.

Sheria inavyofanya kazi katika soko hilo inaonekana vizuri kuliko popote katika kesi moja ambayo si ya Kinyamwezi, bali ya Kimakonde. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaondoka na vitu kadhaa, kimoja kikiwa barakoa ya lipiko. Mwaka 1985 barakoa hiyo ilinunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia, Enrico Castelli, aliitambua akasema wazi kwamba ni ya wizi.

Hapo mtu wa kawaida angetarajia barakoa ipande ndege wiki ileile. Lakini sheria ya Ufaransa inasema kwamba anayeshika kitu kinachohamishika huhesabiwa kuwa mwenyewe, na aliyeibiwa ana miaka mitatu tu ya kukidai. Sheria ya Uswisi ya wakati ule ilimpa aliyeibiwa miaka mitano dhidi ya mnunuzi mwenye nia njema. Hesabu miaka kuanzia 1984 au 1985: kufikia ukweli ulipojulikana, muda ulikuwa umekwisha, au unayoyoma. Ujerumani nako, dai la mali huzimika baada ya miaka 30. Mwizi hana haja ya kuficha kitu milele, anahitaji kalenda tu. Tanzania ilikuwa imejiunga mwaka 1977 na mkataba wa UNESCO wa 1970 unaokataza biashara haramu ya mali za utamaduni, lakini Uswisi ilijiunga mwaka 2003, na mkataba huo haurudi nyuma.

Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka hoja mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji. Tarehe 10 Mei 2010, Paris, makubaliano yalitiwa saini, barakoa ikarudi. Miaka 20 tangu kutambuliwa. Na katika makubaliano hayo ilirudishwa kama zawadi ya makumbusho ya Geneva kwa Tanzania. Nakubali kwamba waliojadiliana upande wetu walifanya busara, maana mahakamani wangeweza kushindwa. Hata hivyo naona uchungu kwamba mali iliyoibiwa kwetu kwa kuvunja mlango ilibidi tuipokee kama hisani.

Uswisi tangu Juni 2005 imeongeza muda wa miaka mitano hadi 30 kwa mali za utamaduni. Ujerumani ilijiunga na mkataba wa UNESCO mwaka 2007, ikatunga sheria mpya mwaka 2016, na mwaka 2019 serikali yake kuu na majimbo walikubaliana juu ya misingi ya kushughulikia makusanyo ya kikoloni. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa matendo ya wakoloni wa Kijerumani. Mwishoni mwa 2024 maonyesho kuhusu historia za Tanzania yalifunguliwa Humboldt Forum, Berlin, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa letu. Mambo yanasogea. Lakini karibu yote hayo ni nia njema ya kisiasa. Hakuna mahakama ambayo mzee wa Bukene anaweza kuingia akasema: nina haki.

Na hata Berlin ikifungua milango kesho, swali la 1963 linatungoja hapahapa nyumbani. Nigeria imelionja. Julai 2022 Ujerumani ilitia saini kuihamishia Nigeria umiliki wa kazi za shaba za Benin zaidi ya elfu moja. Machi 2023 rais wa Nigeria akatangaza kwamba mwenye kazi hizo ni Oba, mfalme wa jadi wa Benin, na makumbusho kadhaa ya Ulaya yakasita. Benin wana Oba kwenye kiti, na bado ugomvi ulizuka. Sisi kiti tutakiweka wapi? Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka kwa watu wake? Tabora? Kwa ukoo uliokitunza? Kwenye makumbusho ya jamii kama ya Bujora, ambayo Padri David Clement aliyaanzisha na Wasukuma? Mimi naona kiti cha Unyamwezi kinapaswa kukaa Unyamwezi, chini ya wadhamini wanaotoka katika jamii, taifa likiwa mlinzi wa sheria na si mmiliki. Hivyo ndivyo wazee walivyokuwa wakifanya.

Wachongaji walio hai nao wasisahauliwe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inataka ruhusa ya Baraza la Sanaa la Taifa kwa anayetumia sanaa za asili kibiashara. Kinga hiyo haina faida kwa fundi asiyeandika jina lake kwenye kazi yake wala kuweka picha ya alichouza. Andika jina, ndugu yangu, chini ya kiti, kwa kisu kilekile.

Kwa Bunge ombi langu ni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ifanyiwe marekebisho, vitu vya tawala za asili vitambuliwe kuwa amana ya jamii isiyouzika, na jamii ipewe haki ya kushtaki kwa jina lake. Kwa familia za Bukene na Nzega zenye ngoma, mkuki, zeze au sanamu ya babu: msikiuze. Kipigeni picha pande zote, kipimeni, andikeni kilitoka kwa nani na nani anakikumbuka kikitumika, kisha nakala moja ikae ofisi ya kijiji na nyingine ipelekwe Makumbusho ya Taifa. Kitu chenye rekodi kikiibwa kinaweza kudaiwa Geneva au Berlin. Kisicho na rekodi, sheria za huko zitampa aliye nacho.